Nakala Tatu za Sauti ya Mkwe

Kazini walimwita Nakala Tatu, na yeye jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Funguo za nyumba alikuwa nazo seti tatu: moja mfukoni, moja ofisini, moja kwa jirani. Cheti chake cha ndoa kilikuwa nyumbani, kwa mama yake mzazi, na ndani ya mfuko wa nailoni chini ya kiti cha gari. Ukimwuliza mbona hivyo, anakutazama kwa huruma, halafu anakuambia, "Ukiwa na kitu kimoja, huna kitu. Ukiwa na viwili, una wasiwasi. Vitatu ndiyo unacho." Maneno hayo alikuwa ameyachapa akayabandika ukutani, na msiniulize mara ngapi.

Sasa msimcheke mapema. Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Alikuwa fundi wa hifadhi ya data katika hospitali kubwa, na hifadhi yenyewe iko hivi: kila eksirei, kila kipimo cha kichwa, kila picha ya moyo wa mtu ukidunda, haikai kwenye kompyuta moja. Inakaa kwenye kundi la seva thelathini na sita zilizogawanywa vyumba vitatu, kimoja chini ya maabara, kimoja nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, na kimoja jengo la utawala ghorofa ya pili. Picha ikiingia, kundi linatoa nakala tatu, kila nakala chumba chake. Diski ikifa, na diski hufa, seva zilizobaki hazingoji kuambiwa. Zinahesabu, zinaona nakala imepungua, zinatengeneza nyingine. Chumba kizima kikiungua, daktari aliye wodini hata hatajua. Basi mtu akifanya kazi hiyo miaka kumi na moja bila kupoteza hata picha moja ya kidole kilichovunjika, lazima kichwa kivimbe kidogo.

Seva thelathini na sita hazitunzwi kwa mkono. Wapo waliojaribu. Leo unarekebisha hii, kesho ile, keshokutwa umesahau ulirekebisha ipi, na kila moja inakuwa na vituko vyake kama wapangaji wa nyumba moja. Kwa hiyo palikuwa na programu, ambayo mafundi wenyewe waliibatiza Nyapara. Palikuwa pia na waraka mmoja tu, ulioitwa Hati, unaoeleza kila seva iweje: programu zipi, mipangilio gani, folda zipi, nani aruhusiwe kuingia. Kila nusu saa Nyapara alizipitia seva zote akiwa na Hati yake. Kilichopungua aliongeza, kilichopinda alinyoosha. Hachoki, hasahau, haombi ruhusa ya kwenda msibani, na haulizi swali.

Wa kuuliza alikuwepo. Fundi mwenzake, mama mtu mzima aliyebakiza miaka mitatu kustaafu, ofisi nzima ilimwita Bi Maswali. Yeye hawezi kubonyeza kitufe bila kujua kitufe hicho kiliwekwa na nani na kwa nini. Nakala Tatu alimheshimu sana kwa umri wake, na alimchoka kabla ya saa tatu asubuhi.

Nyumbani Nakala Tatu alikuwa na mke, na mke alikuwa na sauti za baba yake. Mzee huyo, seremala, alifariki miaka mitatu iliyopita. Kuandika ujumbe alikuwa hawezi, maana kidole chake kimoja kilibonyeza herufi tatu kwa mpigo, kwa hiyo akitaka neno na binti yake alijirekodi na kutuma. Zilikuwa sauti kumi na tisa kwenye simu ya mke. Kumi na nane zilikuwa fupi fupi: nipigie, mtoto amepona, mmelala salama, mwambie mumeo ule mlango niliowatengenezea asiufunge kwa teke. Ya kumi na tisa ilikuwa dakika nne na nusu. Iliingia saa sita mchana, mke akiwa darasani anawafundisha watoto wa darasa la kwanza kuhesabu, akasema ataisikiliza akitulia. Saa tisa kaka yake akampigia. Baba alikuwa amekwenda.

Tangu siku hiyo hakuifungua. Alijaribu, jamani. Alikuwa anakaa kitandani, simu mkononi, kidole kinakaribia, halafu anairudisha chini ya mto.

"Baba hakuwahi kuongea dakika nne na mtu yeyote," alimwambia mumewe. "Hata wewe ulipokuja kuniposa alikujibu kwa neno moja. Hii alikuwa na jambo. Nitaisikiliza siku nikiwa na nguvu."

Betri ya ile simu ikaanza kuvimba. Kioo kikanyanyuka upande mmoja, mke akawa anaifunga kwa mpira wa kufungia karatasi, na bado hataki kuiachia. Hapo Nakala Tatu akaona siku yake imefika. Mume mwingine humnunulia mkewe kitenge, yeye alimletea uhakika. Alizichukua sauti zote kumi na tisa akaziweka kwenye hifadhi ya hospitali. Ilikuwa kinyume cha sheria, na sheria yenyewe aliiandika yeye. Folda akaipa jina Jaribio-la-Uimara-02. Angeiita Sauti za Mkwe, mtu angeuliza. Angeiita 01, mtu angedhani kuna kazi inaanza. Jaribio la pili halina mtu wa kulifuatilia.

"Zipo?" mke aliuliza jioni ile.

"Zipo mara tatu. Vyumba vitatu tofauti. Nusu ya hospitali iungue leo, baba yako bado yupo."

"Na hapa nyumbani hukuweka?"

"Hapa tuna kompyuta moja, tena mbovu. Ya nini kumdhalilisha mzee?"

Mke akacheka, mara ya kwanza baada ya miezi. Simu iliyovimba ikapelekwa kwenye boksi la betri chakavu. Naye Nakala Tatu akatengeneza kiprogramu kidogo cha kumtumia taarifa kila siku saa nne asubuhi, kwenye simu yake mwenyewe: Mkwe, tatu kati ya tatu. Miaka miwili alikuwa anaitazama taarifa hiyo, anaridhika, anaendelea na chai yake. Ile sauti ndefu hakuisikiliza hata siku moja, maana haikuwa yake, na kwa hilo pia alijisifu.

Mwaka huu mke akapata nguvu, au tuseme aliazimwa na dada yake. Dada mkubwa, anayeishi mbali, alipiga simu akasema imetosha, atakuja Jumamosi ya wiki ijayo, kaka naye atakuja, watakaa sebuleni watatu, wafunge mlango, wamsikilize baba. Mke akakubali. Usiku huo hakulala, na asubuhi akamwambia mumewe, "Uniletee Ijumaa. Usichelewe, nitabadilisha mawazo."

"Ijumaa utakuwa nayo mkononi," alisema Nakala Tatu.

Wiki iliyofuata hifadhi ya hospitali ilifika asilimia tisini na moja. Kundi la seva likijaa kiasi hicho linaanza kusuasua, na likizidi hapo linakataa kabisa kupokea kitu kipya, hata kama mgonjwa amelala kwenye mashine ya picha. Nakala Tatu akaomba seva mpya nne. Mkurugenzi, mtu wa suti na sentensi fupi, alisoma ombi akalirudisha.

"Humo ndani mmejaza takataka," alisema. "Toeni takataka kwanza. Alhamisi saa nne nataka ripoti mbele ya wakuu wa idara."

Na kweli takataka zilikuwemo. Kwa miaka kumi na moja wafanyakazi walikuwa wamegundua kuwa hifadhi ya wagonjwa haipotezi kitu, wakahamia. Daktari wa mifupa alikuwa na mechi za mpira za misimu sita. Mfamasia alikuwa na harusi ya mdogo wake, kamera tatu, siku mbili, mpaka watu wakinawishana mikono. Kulikuwa na mazoezi ya kwaya, kulikuwa na sinema, kulikuwa na mtu aliyehifadhi picha elfu nne za mbwa. Nakala Tatu aliposoma orodha hiyo alikasirika kweli. Hivi watu hawana haya? Hifadhi ya wagonjwa ndiyo kabati lao la nguo? Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na mwenzetu alikuwa ameushika mkuki kwa mikono miwili.

Akaketi akaongeza mstari mmoja kwenye Hati. Folda yoyote isiyotajwa humu, iondolewe kwenye seva zote. Halafu akawaandikia wafanyakazi wote tangazo: mwenye chake binafsi akitoe kabla ya Jumatano, baada ya hapo asije ofisini kwetu kulia. Tangazo lilimfikia kila mtu mwenye anwani ya barua pepe ya hospitali, yeye akiwemo. Alilifuta bila kulifungua, kwa kuwa alilijua lilivyoandikwa.

Jumatano ikafika. Nyapara, tumpe haki yake, hakurupuki. Kabla ya kufuta anatoa orodha ya vitu atakavyofuta, na watu wawili lazima waipitie, mmoja asome, mwingine akubali, kila mstari uwekewe tiki. Folda zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Bi Maswali akavaa miwani akaanza kusoma. Nakala Tatu alikuwa na kikombe mkono mmoja na simu mkono wa pili, anamwandikia mkurugenzi kwamba kazi inakwenda vizuri.

"Harusi, siku ya kwanza."

"Tiki."

"Harusi, siku ya pili."

"Tiki. Harusi gani inaliwa siku mbili?"

"Mbwa."

"Tiki."

Wakaenda hivyo hadi mia mbili, wakanyoosha miguu, wakarudi. Kwenye mia tatu na kitu Bi Maswali akasita.

"Jaribio la Uimara, sifuri mbili. Hili la nani?"

"Jaribio tu. Tiki."

"Halina jina la mwenyewe."

"Kisicho na mwenyewe ni takataka, mama. Tiki."

"Na la kwanza liko wapi? Kama hili ni la pili, la kwanza lilikwenda wapi?"

"Lilishafutwa zamani." Hakuinua hata macho. "Bi Maswali, kwa mwendo huu tutamaliza mwezi ujao. Endelea."

Bi Maswali akaweka tiki.

Najua mnachotaka kuuliza. Hakulijua? Haki ya nani, hakulijua. Kichwani mwake zile zilikuwa sauti za mkwe. Kwenye simu yake ziliandikwa Mkwe. Lile jina la jaribio lilikuwa vazi la kuwadanganyia watu wengine, alilivisha siku moja akalisahau, na sasa alipolikuta barabarani alilipita kama asiyelifahamu. Mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa amejiroga kabisa.

Palikuwa bado na mlango mmoja wa kuokokea. Kinachofutwa kinakaa siku saba kwenye pipa, ili mwenye majuto arudi kukiokota. Lakini vilivyomo pipani bado vinahesabiwa kuwa vimejaza nafasi, na ripoti ilikuwa kesho yake saa nne. Asilimia tisini na moja ingebaki tisini na moja, na wakuu wa idara wangemwona mtu wa maneno matupu. Nakala Tatu akafungua Hati, akatafuta mstari wa pipa, akafuta saba akaandika sifuri.

"Mbona sifuri?" aliuliza Bi Maswali.

"Ripoti ni kesho."

"Na mtu akija kudai?"

"Si tumewatangazia?"

Saa tisa na nusu alasiri Nyapara akazunguka. Akapita chini ya maabara, akapita nyuma ya mashuka, akapanda ghorofa ya pili. Nakala tatu zinamlinda mtu na diski mbovu, zinamlinda na moto, zinamlinda na bomba linalopasuka. Lakini dhidi ya amri hazimlindi. Amri ilipofika zilitii zote tatu, tena kwa dakika ileile, kwa sababu zilifundishwa na mtu anayejua kazi yake. Saa kumi Nakala Tatu alifunga ofisi, akaenda nyumbani akila karanga njiani.

Alhamisi saa nne ukumbi ulijaa. Mkurugenzi alionyesha ukutani namba mbili, tisini na moja na hamsini na nane, akazinyamazia ili kila mtu azione.

"Hakuna seva mpya," alisema. "Hakuna gharama. Mstari mmoja tu kwenye waraka. Hii ndiyo nidhamu ninayoizungumzia kila siku, na huyu ndiye mtu."

Watu wakapiga makofi. Hata daktari wa mifupa alipiga, ingawa kwa mkono mzito. Simu ikatetemeka mfukoni mwa Nakala Tatu, naye akaichungulia chini ya meza, kwa mazoea tu, kama anavyofanya kila siku saa nne. Mkwe, sifuri kati ya tatu.

Aliisoma mara ya pili. Sasa ndipo alipoisikia ile sauti ya Bi Maswali ikisoma, hili la nani, na sauti yake mwenyewe ikijibu, na akajua moja kwa moja kilichotokea, bila kuhitaji uchunguzi, maana fundi mzuri hahitaji kuambiwa mara mbili.

"Njoo utuambie ulifanyaje," alisema mkurugenzi.

Akasimama. Makofi yakarudi. Alikuwa na hotuba ya kurasa mbili mfukoni, na kwingine nakala zake mbili. Akasema, "Tulifuata Hati," akakaa. Wakuu wa idara wakasifu unyenyekevu wake.

Alishuka ngazi mbilimbili hadi ofisini. Bi Maswali alimtazama usoni akavua miwani, na safari hii alikuwa na swali moja.

"Lilikuwa la nani?"

Akamweleza yote, mkwe, simu iliyovimba, Jumamosi. Bi Maswali hakusema nilikuambia, na Mungu ambariki kwa hilo. Alivuta kiti, wakaanza kuchimba. Walimsimamisha Nyapara, wakaingia seva moja baada ya nyingine kutafuta masalia. Lakini kundi la seva likipata nafasi halikai nayo bure. Tangu jana alasiri lilikuwa linajisawazisha, linahamisha picha za wagonjwa kutoka diski zilizojaa kwenda diski zilizopumua, na kila palipokuwa wazi pameshaandikwa kitu kipya. Mahali ilipokuwa sauti ya mzee sasa palikuwa na goti la mtu. Walichimba mpaka saa kumi na moja, wakachimba na Ijumaa asubuhi, na mwisho Bi Maswali akamwambia taratibu, "Mwanangu, hakuna. Tunajichosha."

Likabaki tumaini moja. Sauti haikai kwa aliyepokea tu, inakaa na kwa aliyetuma. Simu ya mzee ilichukuliwa na shemeji yake, yule kaka wa mkewe. Akampigia, akazunguka sana: habari za nyumbani, habari za watoto, na ile simu ya mzee, shemeji, bado unayo?

"Ninayo, naitumia kazini," alisema shemeji. "Niliisafisha yote. Ilikuwa imejaa, haipokei hata ujumbe."

"Na zile sauti zake?"

"Si unazo wewe? Dada aliniambia unazo tatu."

Akampigia dada mkubwa. Kumbe mke aliwahi kumtumia dada ile sauti ya kumi na tisa, siku za mwanzo kabisa, ili isipotee. Moyo wa Nakala Tatu uliruka.

"Niliiacha kwenye simu yangu ya zamani nilipobadilisha," alisema dada. "Niliona vibaya kuisikiliza kabla ya mwenyewe. Na nilijua iko kwako, shemeji, nikasema ya nini kubeba mzigo. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, dada. Nahesabu tu."

Basi familia nzima ilikuwa imefuta kwa sababu yake. Alikaa ofisini na simu mkononi akahisi aibu ambayo hakuwahi kuihisi tangu azaliwe. Ijumaa jioni mkewe alimpokea mlangoni, akamtazama mikono. "Kesho asubuhi," alisema Nakala Tatu, akapitiliza kuoga. Woga huo pia muuandike, sitaki kumfichia.

Jumamosi mke aliamka mapema. Alifagia sebule, akapanga viti vitatu vikitazamana, akawapeleka watoto kwa jirani na kurudi na spika ya kuazima, ile yenye taa ya bluu. Alikuwa amevaa gauni alilokuwa akivaa akienda kwa baba yake. Nakala Tatu alimtazama akijaribu spika kwa kipande cha taarifa ya habari, akaona hawezi kuendelea.

"Mama watoto, kaa kidogo."

"Nina kazi. Sema."

"Zile sauti hazipo."

"Hazipo hapa, au hazipo?"

"Hazipo."

Mke akazima spika. "Zote tatu?"

"Zote tatu."

"Nani kazifuta?"

Hapo alikuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kusema Nyapara. Angeweza kusema mkurugenzi, hitilafu, kundi limejisawazisha, na mkewe asingejua tofauti. Nitamsifu kwa jambo hili moja na sitamsifu kwa lingine.

"Mimi," alisema. "Niliulizwa ni za nani. Nikasema ni takataka, zifutwe."

Mke hakulia. Alikaa kwenye kiti alichokuwa amemtengea dada yake, mikono mapajani, akatazama ule mlango alioutengeneza baba yake. Nakala Tatu akatamani apigwe.

"Zile kumi na nane nazijua kwa moyo," alisema mwishowe. "Hiyo moja. Alisema nini?"

"Sijui."

"Umekaa nayo miaka miwili."

"Sikuisikiliza. Nakuapia. Ilikuwa yako, sikuwahi kuisikiliza."

"Hata siku moja? Hata kwa kuchungulia?"

"Hata siku moja."

"Ningejua nimeolewa na mwadilifu kiasi hiki," mke alisema, "ningetafuta mmbea."

Akainama, mabega yakaanza kutikisika, na Nakala Tatu akapiga magoti mbele yake asijue aweke wapi mikono. Akaanza kujitetea, kwa sababu mtu akikosa la kusema husema lolote. Akasema yeye kazi yake ilikuwa kuhakikisha zipo. Akasema siku ile ya kwanza tu, alipokuwa anazihamisha, ndipo alipoifungua hiyo ndefu aone kama inafunguka, sekunde mbili, akaizima hapohapo.

Mke akainua uso. "Ulisikia nini?"

"Hakuna. Alikohoa."

"Halafu?"

"Akasema mama. Nikazima."

Mama ndivyo mzee alivyokuwa akimwita binti yake, tangu akiwa hajaota meno.

"Alisemaje?"

"Hivyohivyo tu, alisema mama."

"Hilo nimesikia. Nakuuliza alilisemaje. Kama anayeita mtu aliye mbali? Kama anayeanza kusimulia? Au kama anayeomba maji?"

Katika miaka yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kumwuliza kilichomo ndani ya kitu alichokitunza. Akafumba macho. Akatafuta kikohozi kile, akakikuta mahali fulani, kifupi, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo refu. Akakohoa. Akasema, "Mama."

"Haraka mno. Baba hakuwa na haraka."

Akakohoa tena, akasema tena, taratibu.

"Usipandishe mwisho."

Akarudia. Mke akafumba macho naye. Akarudia mara ya nne, ya tano, na kwenye ya sita au ya saba mkewe alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu, akasema, "Hapo. Ibaki hapohapo. Usiibadilishe."

Geti likagongwa. Dada mkubwa aliingia kwanza, vumbi la safari mabegani, nyuma yake kaka amebeba mikoba. Walisalimiana, wakakumbatiana, wakapewa maji. Dada aliiona spika kwenye meza na viti vilivyopangwa, akajikalia bila kuambiwa, mkoba mapajani, kama mtu aliyefika mapema kliniki.

"Kaka, funga mlango," alisema mke. Kisha akamgeukia mumewe. "Haya."

Nakala Tatu akasimama katikati ya sebule, mikono nyuma. Akakohoa mara moja, akasema, "Mama."

Kaka aliinamisha kichwa. Dada mkubwa aliweka kiganja mdomoni, machozi yakamjaa, akasogeza kiti mbele kidogo.

"Endelea," alisema dada, ambaye alikuwa bado hajaambiwa.